Reguleta sio chaja, mpaka uiwekee breki

Leo tuongee umeme kidogo. Mtaani kwetu vijana wengi wana adapta ya zamani ya laptopu, ile ya volti 19, na betri ya UPS ya volti 12, ampea-saa 7. Wanataka umeme ukikatika taa na redio viendelee. Wazo zuri, tena la bei poa. Ila katikati wanaweka bodi ya LM2596 ya kushusha volti, basi. Hapo ndipo betri zinapofia.

Chipu ile inawasha na kuzima umeme mara 150,000 kwa sekunde, halafu koili na kapasita vinausawazisha. Ndiyo maana haichemki kama reguleta za kizamani, ambazo volti zinazozidi zinageuka joto. Inabeba mpaka ampea 3. Lakini inachoangalia ni volti tu. Betri ivute ampea ngapi, yenyewe haina habari.

Sasa betri iliyoisha ina njaa kweli kweli, inavuta kila inachopewa. Ya ampea-saa 7 mimi naipa 0.7, yaani moja ya kumi. Ukiiachia ivute itakavyo, bodi inaungua au betri inachakaa kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Chukua bodi yenye skrubu mbili, ya volti na ya ampea, mfano XL4015. Kabla ya kufunga betri weka volti 13.8. Kisha punguza skrubu ya ampea kabisa, weka multimita kwenye ampea 10, gusisha nyaya zake kwenye chanya na hasi za kutokea, panda taratibu mpaka 0.7. Kwenye bodi ya skrubu moja usithubutu!

2. Funga dayodi 1N5822 kwenye waya wa chanya, mstari wake uelekee betri. Bila hiyo, umeme ukikatika betri inarudisha moto kwenye bodi na kujimaliza bure. Inakula volti kidogo, kwa hiyo betri itachelewa kujaa. Usijali, ni salama zaidi.

3. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na chanya ya betri. Nyaya zikigusana, betri ndogo hiyo inaweza kuzifanya ziwake nyekundu.

Chajia penye hewa. Na betri za lithiamu msiziguse kwa mpangilio huu: selo nyingi mwisho wake ni volti 4.2, ikizidishwa inaweza kulipuka moto.

Taa anayosomea mdogo wangu usiku inategemea betri ya namna hii. Na kwa anayechajisha simu za watu kibandani, betri ndiyo mtaji wenyewe. Bodi yenye skrubu ya pili inaongeza hela kidogo tu, betri mpya ni maumivu.

Mafundi mliobobea, nyongeza zenu hapo chini. Tupo pamoja!