Kilimanjaro au Meru: Pesa Yako Inunue Siku

Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895, Meru zaidi kidogo ya mita 4,560. Moshi na Arusha, miji wanayoanzia wapandaji wengi, haitenganishwi hata na kilomita 100. Anayejiandaa kupanda kwa mara ya kwanza huuliza kwanza bei ya jumla. Ningemshauri aulize kwanza bei hiyo inampa siku ngapi mlimani, kwa sababu siku ndizo zinazomfikisha kileleni na kumrudisha salama.

Hesabu ya getini

Hifadhi hutoza kwa siku. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa Kilimanjaro dola 70 kwa siku, dola 60 kwa kila usiku kwenye vibanda vya njia ya Marangu, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima. Kwa siku sita na usiku tano hizo ni dola 740. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 zinakuwa 873.20. Hapo mwongozaji, mpishi na wagumu, yaani wapagazi, bado hawajalipwa. Safari ya siku tano inapunguza dola 130 kabla ya kodi, ndiyo maana kampuni zinazoshindana kwa bei hukimbilia kukata siku.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana. Gharama yake kubwa ni ujira wa watu, chakula, usafiri na vifaa vya kukodi: jaketi zito, begi la kulalia, fimbo, taa ya kichwani. Kwake siku ya ziada ni nafuu mno, hivyo hana sababu ya kuukimbiza mlima. Asisahau tu kitambulisho chake.

Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kiingilio chake ni cha chini na safari ni ya siku tatu au nne, kwa hiyo bili yake mara nyingi huzunguka nusu ya ile ya Kilimanjaro.

Mwili nao una bei yake

Katika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, pumzi moja inakupa karibu nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga au Mombasa. Tazama Marangu ya siku tano: unalala Mandara, mita 2,720, kesho yake Horombo, 3,720, halafu Kibo, 4,720. Kuanzia Mandara, kila siku unapanda mita 1,000, na usiku uleule wa Kibo unaamshwa kuanza safari ya kileleni. Siku ya sita huongezwa Horombo: unapanda hadi kwenye miamba yenye mistari ya pundamilia, karibu mita 4,000, kisha unarudi kulala chini. Matembezi hayo mafupi huufundisha mwili kuzoea hewa nyepesi. Hiyo ndiyo siku ambayo bei ya chini huiondoa.

Meru ni fupi lakini si mlima wa lelemama. Kutoka geti la Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati na tembo wako njiani. Unalala Miriakamba, kisha Saddle, mita 3,570. Usiku wa kilele njia hufuata ukingo mwembamba wa miamba na majivu, huku upande mmoja ukiporomoka ndani ya kreta. Anayeogopa kimo atapata shida hapa, wakati Marangu ina njia pana. Thawabu yake ni alfajiri: jua linachomoza upande wa Kilimanjaro, na chini yako kuna koni ya majivu ndani ya kreta.

Kabla ya kulipa

Kwenye geti la Kilimanjaro mizigo ya wagumu hupimwa kwa mizani. Kikomo ni kilo 20. Uliza kampuni mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, anakula nini na analala wapi. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, kuna mtu anayeilipia, na mara nyingi ni huyo mgumu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Januari, Februari na Juni hadi Oktoba ni bora.

Uchague upi?

Mwenye siku nne na bajeti ya wastani achague Meru, apande bila haraka na aone wanyama. Anayetaka kilele cha juu kabisa Afrika achague Kilimanjaro kwa siku sita au zaidi. Mwenye uwezo wa milima yote miwili aanze na Meru, kisha avuke moja kwa moja Kilimanjaro mwili ukiwa umeshazoea. Lakini mwenye pesa ya Kilimanjaro ya siku tano tu, namsihi aipeleke Meru mwaka huu, na Kilimanjaro aiwekee akiba hadi siku zitimie.