Kwa nini wazee wa Pwani huuliza kazi ya picha

MZEE wa Bagamoyo anapooneshwa mchoro wa kisasa, mara nyingi swali lake la kwanza haligusi rangi wala jina la msanii. Huuliza: hii kazi yake nini?

Ni rahisi kwa kijana aliyesomea uchoraji mjini humo, ambako Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), kulichukulia swali hilo kuwa ushamba. Hiyo ni hukumu ya haraka.

Kwa Wazaramo na jirani zao Wakwere, kinyago hakikuchongwa ili kitazamwe tu. Mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono, alikabidhiwa mwali aliyewekwa ndani, naye akamwogesha, akampaka mafuta na kumlea kama mtoto wake. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye vichwa vya fimbo na nguzo za makaburi. Bibi aliyechezwa kwa desturi hiyo anakijua kinyago kwa mikono yake. Kwake, kilichofungiwa ndani ya kabati la kioo kimeachishwa kazi.

Milango ya nakshi nayo ilitangaza ukwasi na heshima ya mwenye nyumba. Maua na minyororo yake haikumtia shaka Mwislamu anayeepuka sura za viumbe hai, na hapo ndipo picha ya mtu ukutani humtatiza mzee.

Hata hivyo, wazee hawakatai kila kipya. Wanyama wa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 wanatambulika bila mkalimani. Mashetani wa George Lilanga, aliyefariki dunia mwaka 2005, hushangaza wageni kwa masikio yao makubwa. Mzee aliyekulia kwenye ngoma za pepo hashangazwi na shetani, ila pengine atauliza huyu anacheka nini.

Swali hilo ni uhakiki, tena mgumu kujibiwa kuliko sifa za mtalii, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa wa kazi hizi. Lakini ni nadra mzee wa mtaa wa pili kualikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho, na mabibi waliowahi kumwogesha mwana hiti wanazidi kupungua.