Mawimbi Yafika, Data Haifiki: Utaratibu wa Kutafuta Hitilafu baina ya Redio Zinazoongozwa na Programu

Redio inayoongozwa na programu ni redio ambayo sehemu kubwa ya kazi zake, kama vile kuchuja mawimbi na kuyageuza kuwa biti, hutekelezwa na kompyuta badala ya saketi za kudumu. Unyumbufu huo una gharama yake. Data isipopokelewa, chanzo chaweza kuwa antena, saa ya kifaa, kebo ya USB au tarakimu moja iliyokosewa katika programu. Mara nyingi kilele cha mawimbi huonekana bayana kwenye skrini ya kipokezi, ilhali faili la data hubaki tupu. Makala haya yanatoa hoja kwamba kuonekana kwa mawimbi si ushahidi wa kupokewa kwa data, na kwamba hitilafu hubainika kwa kuigawa njia ya mawasiliano katika vipande na kupima kimoja baada ya kingine.

Hatua ya kwanza ni kuziondoa redio zenyewe. Katika programu ya GNU Radio, sehemu ya kutuma huunganishwa moja kwa moja na sehemu ya kupokea ndani ya kompyuta. Data isipofika hata hapo, hitilafu imo katika programu, na hakuna antena itakayoitibu.

Hatua ya pili ni kuunganisha redio mbili kwa kebo yenye kipunguza nguvu. Kifaa hicho si cha hiari. HackRF One, kwa mfano, katika baadhi ya masafa huweza kutoa hadi desibeli 15 juu ya miliwati 1, lakini kipokezi chake hakipaswi kuingiziwa zaidi ya desibeli 5 chini ya miliwati 1. Kebo tupu huweza kukiunguza kipokezi. Kipunguza nguvu cha desibeli 30 hukiweka salama.

Hatua ya tatu ni kupima tofauti ya masafa. Kila redio hutegemea fuwele yake, na hakuna fuwele mbili zinazolingana kikamilifu. Kosa la sehemu 20 kwa milioni katika megahezi 433.92 ni takribani hezi 8,678. Redio mbili zikikosea kwa pande tofauti, pengo hufikia hezi 17,000 na zaidi. Mtafiti hutuma wimbi lisilobeba data, husoma pengo hilo kwenye spektra, kisha hulisahihisha. Aidha, kilele kilicho katikati kabisa ya skrini huweza kuzalishwa na kipokezi chenyewe. Kitumaji kikizimwa na kilele kikabaki, hicho si kile kinachotafutwa.

Hatua ya nne inahusu kasi ya sampuli. Kitumaji chenye sampuli 2,000,000 kwa sekunde, na sampuli 8 kwa kila alama, hutuma alama 250,000 kwa sekunde. Kipokezi kinachochukua sampuli 1,000,000 kwa sekunde hakina budi kutarajia sampuli 4 kwa alama. Kikiachiwa 8, biti zitakazotoka hazitakuwa na maana. Vilevile, herufi "O" ikijitokeza mfululizo kwenye dirisha la programu, kompyuta imeshindwa kuzipokea sampuli kwa wakati; herufi "U" huonyesha kwamba haizipeleki kwa kitumaji upesi inavyotakiwa. Katika hali zote mbili, tiba ni kupunguza kasi ya sampuli au mzigo wa kompyuta.

Hatua ya mwisho ni ya biti. Iwapo 0 na 1 hutofautishwa kwa fezi zinazopishana kwa nyuzi 180, kipokezi huweza kuzisoma zote kinyume. Msimbo wa utambulisho hautapatikana, ingawa kila biti imefika. Usimbaji wa tofauti kati ya alama moja na iliyoitangulia huondoa utata huo.

Katika hatua hizi zote, kuongeza nguvu hakusahihishi masafa, sampuli wala fezi. Kinyume chake, mawimbi makali mno hukatwa vilele ndani ya kipokezi, hivyo data huharibika zaidi, na utumaji wa hewani huweza kuwaingilia watumiaji wengine wa masafa. Kwa hiyo, nguvu hurekebishwa baada ya vipimo kuonyesha kwamba mawimbi yanazidiwa na kelele, na kila badiliko hufanywa peke yake na kuandikwa, ili data itakapofika ijulikane ni lipi lililoifikisha.