Ngozi ya Mbuzi Yaweza Kuwa Pambo la Thamani

Katika nchi kavu kama Ekalakala, sehemu ya Masinga huko Machakos, mbuzi ndiye akiba ya nyumba. Nyama yake huliwa, lakini ngozi mara nyingi hutupwa, ama huuzwa kwa bei duni kwa kuwa imetobolewa kwa kisu. Hasara hiyo yafaa ifikiriwe sana, maana kipande cha ngozi kisichozidi kiganja cha mkono chaweza kufanywa kipuli, kikuku au kidani.

Jambo hili si geni. Wamasai tangu zamani hushona shanga juu ya ngozi, na mafundi wa Kikamba walisifika kwa mikufu yao myembamba ya shaba na chuma. Hata huko Ulaya, katika miaka ya 1960, Gijs Bakker na Emmy van Leersum wa Uholanzi walifanya mapambo ya shingoni kwa aluminiamu, wakaonyesha kwamba thamani ya pambo si dhahabu tu, bali ni fikira na mkono wa fundi.

Lakini si kila ngozi ifaayo. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu haishiki umbo vizuri. Ukiikata, mara nyingi utaona ndani rangi ya kijivu au samawati. Iliyotengenezwa kwa magome au maganda ya miti, kama mgunga, huwa ya hudhurungi. Hiyo ikiloweshwa hulegea, na ikikauka hubaki vile ulivyoikunja.

Chora kwanza mfano wako juu ya karatasi, kisha kata ngozi kwa kisu kikali. Kwa kuwa ngozi ya mbuzi ni nyembamba, kikuku hutaka tabaka mbili au tatu zilizogandishwa kwa gundi. Lowesha kila tabaka, uifunge juu ya kigogo cha mviringo, uiache kivulini mpaka ikauke, ndipo uzigandishe pamoja. Usiianike juani wala karibu na moto, isije ikajikunyata na kupasuka. Toboa kwa msharasi, ushone kwa uzi uliopakwa nta. Kingo zilowe kidogo, zisuguliwe kwa kijiti laini mpaka zing'ae. Rangi itiwe kabla ya nta, kwani nta huizuia isiingie. Nta ya nyuki ni nzuri, na Ukambani haikosekani.

Anayeanza asiharibu ngozi nzima. Vipande vinavyobaki kwa mafundi wa viatu, kama wale wa soko la Kariokor, Nairobi, vyatosha kujifunzia.

Hata hivyo, fundi hodari hawezi kuficha tundu la kisu. Kwa hiyo mchunaji akiisha kupasua ngozi, aitenge na nyama kwa ngumi, si kwa kisu. Kisha aiwambe kivulini penye upepo, wala asiitandaze chini juani. Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa pambo la ngozi ni siku ya kuchinja.