Roboti za barabarani: akili ya Kongo, ulinzi unaishia mpakani

Madereva wa Lubumbashi wanazijua roboti za barabarani: mwili wa alumini, taa nyekundu na kijani, kifua kinachozunguka, kamera za kupiga picha magari, umeme wa jua. Hazichoki, na haziombi madesu.

Zilibuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, mama wa Kikongo, pamoja na chama chake Women's Technology. Za kwanza zilisimamishwa Kinshasa mwaka 2013, kisha Katanga ikapata zake.

Lakini mvumbuzi wa Kongo analindwa namna gani? Sheria ya mali ya viwanda ni ya tarehe 7 Januari 1982. Breveti, hati inayokataza wengine kuiga uvumbuzi bila ruhusa, ikitolewa Kinshasa inafanya kazi humu nchini tu. Jirani wa Brazzaville, ng'ambo ya mto, anapeleka ombi moja OAPI, Yaoundé, na analindwa katika nchi 17. Sisi si wanachama.

Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, inatakiwa breveti nyingine, na malipo mengine. Mkataba wa Paris unampa mvumbuzi miezi 12 tangu ombi lake la kwanza ili nafasi yake itunzwe kule. Kwa fundi wa Kenya au Katuba anayetengeneza sensa ya gari nyuma ya nyumba, miezi hiyo ni michache.