Ganzi kwa Mwili, Miwani kwa Hofu

Upasuaji mdogo hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa sindano ya ganzi badala ya nusukaputi. Huko Mwaya na sehemu nyingine za Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, wanaume wana sababu mbili za kuufahamu. Moja ni tohara ya kitabibu: mila ya Wanyakyusa, wenyeji wa huko, haikuwa na jando, hivyo mkoa wa Mbeya, ilimo Kyela, uliingizwa kwenye kampeni ya taifa ya tohara ya kupunguza maambukizi ya VVU. Nyingine ni busha, ambalo huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Na bonde la Kyela, pamoja na mashamba yake ya mpunga, halijawahi kukosa mbu.

Lidokeini, dawa ya ganzi iliyozoeleka, huzuia neva zisifikishe habari ya maumivu kwenye ubongo. Haizimi kila kitu. Mgonjwa bado huhisi akibanwa na kuvutwa, husikia mkasi ukigonga sinia la chuma, na sindano ya ganzi yenyewe mara nyingi ndiyo inayouma kuliko kisu. Hofu ikipanda, mapigo ya moyo hupanda nayo, na mvuto mdogo tu wa uzi huonekana mateso.

Miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, inashughulika na hofu hiyo. Maumivu hula umakini wa akili. Umakini huo ukichukuliwa na kitu kingine, maumivu hupungua. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walianza kuyajaribu hayo miaka ya 1990 kwa watu walioungua moto, ambao kubadilishiwa bandeji kwao ni adhabu. Mgonjwa akishavaa miwani alijikuta kwenye bonde la barafu, akiwatupia pengwini mipira ya theluji. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha sehemu zinazohusika na maumivu zikitulia. Si suala la kujikaza kiume, basi.

Mfano unaoikaribia Kyela zaidi uko Mexico. Daktari José Luis Mosso Vázquez ameitumia miwani hiyo katika upasuaji mdogo, kama kuondoa uvimbe wa mafuta, hata katika vijiji vya mbali. Ganzi hubaki palepale. Kinachopunguzwa ni dawa za kutuliza, ambazo ni ghali na humlazimu mtu kukaa akichunga pumzi za mgonjwa. Miwani ya kuchomeka simu imeshusha gharama, na kwa tohara au busha inafaa mandhari tulivu isiyomfanya mtu ajitingishe.

Mwenye kifafa hafai kuvalishwa, na wengine hupata kichefuchefu. Miwani hufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila inapobadilisha mtu. Tena, aliyezibwa macho na masikio hawezi kumfuatilia daktari, kwa hiyo ishara hukubaliwa mapema: ganzi ikianza kuisha, ainue mkono.