TUZIBE UFA WA TUTA

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mashamba ya viazi ya Mbulu na Hanang neno hili si fumbo. Udongo ulioachwa uchi hukaushwa na jua ukapasuka, na ufa huo ndio mlango wa funza wa nondo wa viazi. Hupenya, akakitoboa kiazi. Nacho kikisha kuwekwa ghalani, yeye yumo ndani angali akila.

Dawa ya dukani haimfikii funza aliyekwisha kuzama ndani ya kiazi, nayo yataka fedha taslimu. Twaona kinga iliyo karibu zaidi ni kuifunika ardhi. Ngwara na mbaazi, ambazo wakulima wa huko huzipanda kati ya mahindi, zikiachwa shambani pamoja na mabua huwa matandazo ya viazi vya msimu ufuatao. Matandazo hutunza unyevu, tuta lisipasuke. Vidukari, waenezao virusi, huvutwa na jani bichi lionekanalo waziwazi juu ya udongo mtupu. Ardhi ikifunikwa, watuao hupungua. Tena buibui na wadudu walao wadudu wenzao hupata makao.

Lakini kazi hii yataka uangalifu. Sota hupenda kujificha katika mimea mibichi. Kwa hiyo ngwara ikatwe na kuachwa ikauke wiki mbili tatu kabla ya kupanda. Matuta yapandishiwe udongo, kiazi kisichungulie nje. Wala viazi visifuate nyanya, kwa kuwa ni mimea ya ukoo mmoja na adui yao ni mmoja.

Sasa twafika penye mzizi wa mambo: ng'ombe. Katika Karatu, iliyokuwa zamani sehemu ya Mbulu, wakulima walijaribu kilimo hifadhi katika mradi wa FAO ulioanza mwaka 2004. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa hiki: baada ya mavuno mifugo huingia mashambani na kula kila kilichobaki. Je, tumlaumu mfugaji? Hasha! Kwa Mwiraqw na Mbarbaig ng'ombe ni akiba, ni maziwa, ni samadi ya shamba lile lile. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishurutisha watu wa Mbulu kupunguza mifugo. Shuruti ya namna hiyo haifai kurudiwa.

Iliyopo ni njia ya mapatano. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Basi mkulima na mfugaji wakae katika mkutano mmoja, wakubaliane ni mashamba gani yafungwe, na ni sehemu gani ya mabua na ngwara iende zizini.

Mfanyakazi wa mjini alaye sahani ya chipsi asidhani shauri hili halimhusu. Kila kiazi kinachooza ghalani humpunguzia mkulima mapato, na mnunuzi naye hukosa chakula. Ufa ni mdogo leo, tuuzibe leo.